Kibarua Kimefika, Kibarua Amefika

Wapenzi wa lugha, ninyi mliozoea kunisoma nikijadili vina na mizani mtastaajabu kuniona leo nimeingia karakana ya kompyuta. Sikuja kufundisha kompyuta, maana hiyo si fani yangu. Nilitumia maisha yangu ya kazi katika shule za sekondari na chuo cha ualimu nikiwafundisha vijana ngeli, na ni ngeli zilizonileta huku. Nimekuja kulitetea neno moja la Kiswahili ambalo naona linaachwa nje ya mlango, ilhali nyumba yenyewe ni kama ilijengwa kwa ajili yake. Neno hilo ni kibarua.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mhandisi wa programu, anaandika mwongozo wa Kiswahili kwa ajili ya vijana anaowafunza kazi. Aliniletea orodha ya istilahi zilizomtatiza. “Shikamoo, Mwalimu,” akaniambia, “nikilitumia neno mfanyakazi, sentensi zangu zinatisha.” Nilipoitikia, akanisomea moja: “Wafanyakazi wakizidiwa, waue wanne, kisha waanzishe upya.” Tulicheka sote wawili. Lakini kicheko kilipokwisha niliona kwamba swali lake ni zito kuliko alivyodhani yeye mwenyewe, na tangu siku hiyo sijaliacha.

Kwanza jambo lenyewe. Tuseme shule inataka kuwapelekea wazazi 800 matokeo ya watoto wao kwa simu. Kama programu moja ingetuma ujumbe mmoja, isubiri, itume wa pili, isubiri, mwalimu mkuu aliyebonyeza kitufe angesinzia mbele ya kioo. Kwa hiyo programu hiyo haitumi kitu. Huandika vikaratasi 800, kila kimoja kikiwa na jina la kazi na maelezo yake: tuma matokeo, mzazi fulani, namba fulani. Vikaratasi hivyo hupangwa katika foleni, na papo hapo mwalimu mkuu huambiwa kwamba shughuli imepokelewa. Kwingineko, pengine katika jengo jingine, pengine katika bara jingine, zipo programu nyingine zinazongoja. Kila moja huchukua kikaratasi kilicho mbele, hutenda kilichoandikwa, hurudisha stakabadhi, kisha huchukua kingine. Aliyeandika hajui ni nani atakayetenda. Anayetenda naye hajui ni nani aliyeandika. Kinachowaunganisha ni kikaratasi tu.

Utaratibu huu hauna umri mkubwa kwa sura yake ya leo. Kanuni mojawapo mashuhuri ya kupitisha ujumbe wa namna hii, iitwayo AMQP, ilianza kubuniwa mwaka 2003 katika benki ya JPMorgan Chase, na RabbitMQ, programu inayoitumia, ikatoka mwaka 2007. Celery, ambayo huandika vikaratasi upande mmoja na kuvitenda upande wa pili, ilitoka mwaka 2009. Mimi lililonifurahisha zaidi ni kwamba RabbitMQ imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Erlang, na jina hilo ni la Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen na ambaye mwaka 1909 alichapisha hesabu za namna simu zinavyopigwa na kusongamana. Mtu aliyechunguza foleni jina lake limeketi leo ndani ya mtambo wa foleni. Malenga angelibuni tukio hilo tungesema ametia chumvi.

Kuhusu foleni sina ugomvi mkubwa. Wapo wanaotaka msururu, wapo wanaotaka mlolongo. Mlolongo ni neno zuri, lakini wasomaji wa Kenya watanielewa nikisema kwamba limebeba mzigo: mwaka 1988 wapiga kura walipangwa mstari nyuma ya mgombea wamtakaye, na tangu hapo mlolongo si mstari wa watu tu. Foleni nayo, mkazi wa Dar es Salaam akiisikia, huona magari yasiyosogea. Hata hivyo foleni ya magari na foleni ya vikaratasi zina tabia moja, kwamba aliye nyuma hafiki kabla ya aliye mbele. Basi foleni na ibaki.

Shida iko kwa kinachokaa ndani ya foleni na kwa kinachokitoa humo.

Mhandisi wangu alikuwa ameandika “ujumbe wa kazi” kwa kile kikaratasi. Si kosa, lakini ni maneno matatu yanayofanya kazi ya moja. Tazameni neno kibarua. Umbo lake ni kidogo cha barua: barua ndogo, cheti, kikaratasi. Kamusi za zamani hulieleza hivyo kwanza. Maana ya pili ni ile kazi yenyewe, na hii iko hai vinywani mwetu hadi leo. Kijana huenda mjini kutafuta kibarua. Watangazaji wa mpira husema timu ina kibarua kigumu ugenini. Kocha akifukuzwa, kibarua chake kimeota nyasi. Maana ya tatu ni mtu anayeifanya kazi hiyo kwa siku. Kikaratasi, kazi, mtendaji: zote tatu ziko katika neno moja, na ndizo hasa nguzo tatu za utaratibu niliousimulia. Waingereza wana neno kwa kila moja. Sisi tulikuwa na neno ambalo limeuishi utaratibu huo kabla umeme haujafika pwani, maana mtu alipewa cheti, akafanya kazi, akakirudisha cheti apate ujira wake.

Mtaniuliza, je, neno moja lenye maana tatu halitaleta vurugu katika maandishi ya kiufundi? Hapa ndipo somo la upatanisho wa kisarufi linapolipa deni lake. Kikaratasi ni kitu, nacho huchukua upatanisho wa KI-VI: kibarua kimefika, vibarua vimefika. Mtu ni kiumbe hai, naye huchukua upatanisho wa A-WA japokuwa jina lake lina umbo la KI-VI: kibarua amefika, vibarua wamefika. Hakuna Mswahili anayehitaji kufafanuliwa. “Kibarua amekichukua kibarua chake” ni sentensi ambayo mtoto wa darasa la tatu huielewa, na kila herufi yake inajua inamsema nani. Kikaratasi na kazi iliyoandikwa humo havihitaji kutenganishwa, kwa sababu katika foleni ni kitu kimoja: ukikipoteza kikaratasi umeipoteza kazi.

Sasa hoja nzito dhidi yangu, nami siipuuzi. Neno hili lina jeraha. Katika Zanzibar ya karne ya 19 walioitwa vibarua walikuwa, kwa sehemu kubwa, watumwa waliokodishwa kwa siku na sehemu ya ujira wao ikachukuliwa na mabwana zao. Baadaye ukaja ukoloni na kipande. Kule Kenya sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kutembea na hati yake ya kazi, na wengi waliivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mtu anayejua hayo anaweza kusema: mzee, waachie wafu wao neno hilo, usilipeleke kwenye kompyuta.

Nami hujibu kwamba Kiingereza kilitembea njia ya kinyume, na tukitazame kilikofika. Kwa miaka mingi wahandisi wake waliita mtambo mmoja bwana na mwingine mtumwa, bila haya. Mwaka 2018 watunzaji wa Python na wa Redis waliamua kuliondoa jina la mtumwa, baada ya majadiliano marefu na makali. Walifanya vema. Mtumwa lilikuwa jina la mtu lililovikwa mtambo, na mtambo hauna la kusimulia. Kibarua katika matumizi ninayoyapendekeza ni jina la karatasi lililorudishwa kwa karatasi. Simwiti mtambo kibarua. Kikaratasi nakiita kibarua, kama walivyokiita wazee, na yule mtu aliyekishika mkononi namwachia upatanisho wake wa A-WA, ambao hakuna atakayemnyang'anya.

Kwa hiyo tunahitaji jina la programu inayotenda, na jina hilo lisikae katika ngeli ya watu. Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na wanaotafsiri kwa haraka na kuandika “mfanyakazi”. Kiswahili kina kiwanda chake cha majina ya vyombo: kipazasauti, kinasasauti, kipimajoto. Kitenzi hutanguliwa na ki-, hufuatwa na kitendwa, na chombo kimepata jina. Nilimpendekezea mhandisi wangu kichapakazi. Mchapakazi ni mtu tumsifuye. Kichapakazi ni programu. Akaiandika upya sentensi yake: “Vichapakazi vikizidiwa, vizime vinne, kisha uviwashe upya.” Hofu yote ikaisha. Hakuna aliyeuawa. (Kitenzi lingekuwa jina fupi zaidi na tamu zaidi, lakini wanasarufi tumeshalikalia na hatuondoki.)

Msidhani huu ni mchezo wa mwalimu aliyestaafu. Katika foleni za siku hizi si programu tu zinazochukua vibarua. Nairobi wapo vijana wanaoketi mbele ya kioo wakipokea vipande vya maandishi na picha, kimoja baada ya kingine, wakiviainisha ili mitambo ya akili mnemba ya kampuni za ng'ambo ijifunze kutokana navyo. Mwezi Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliandika kwamba baadhi yao walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kwa kusoma maandishi ya kutisha ambayo mitambo ilipaswa kufunzwa kuyakataa. Foleni haijui tofauti. Kwake, kibarua kimetoka na stakabadhi imerudi, basi. Kwa Kiingereza huweza kuandikwa kwamba wafanyakazi 40 wameunganishwa, na msomaji asijue kama ni watu au programu, na pengine mwandishi asijali ajue. Kwa Kiswahili hawezi. Lazima achague: vimeunganishwa, au wameunganishwa? Ngeli humshika mkono kabla hajaimaliza sentensi. Tukikubali kuiita programu mfanyakazi, tutaitupa silaha hiyo kwa hiari yetu, na siku moja “wafanyakazi wanne wamezimwa” itaandikwa juu ya watu na hakuna atakayeshtuka.

Mzizi mwingine unaostahili kutazamwa ni tuma. Katika lugha yetu kumtuma mtu na kutuma kitu ni kitenzi kimoja. Hapo tunapata mtume, mtumishi, tume, na lile la uchungu, mtumwa, yaani yule atumwaye. Huenda ndiyo maana mtoto akifika na maagizo nyumbani kwa watu, swali la kwanza si “unataka nini?” bali “umetumwa na nani?” Wahandisi wangefaidika na swali hilo. Ipo programu iitwayo Salt, iliyoanza mwaka 2011, ambayo msimamizi huitumia kupitisha amri moja kwa mamia ya mitambo ya mbali kwa wakati mmoja. Mwezi Aprili 2020 ilitangazwa kwamba mtambo wake mkuu ulikuwa na ufa. Mtu yeyote aliyeweza kuufikia kwa mtandao aliweza kupenyeza amri katika foleni yake, na mitambo ya chini ikaitekeleza kwa mamlaka kamili, bila kuuliza kitu. Mwanzoni mwa Mei wavamizi walikwisha kuutumia ufa huo kuingia katika seva za mradi wa LineageOS na za jukwaa la Ghost. Mitambo hiyo ya chini, katika istilahi za Salt, ina jina la Kiingereza ambalo tafsiri yake ya karibu ni kibaraka. Kwa siku zile jina liliwastahili: kibaraka ndiye hasa asiyeuliza ametumwa na nani. Kibaraka na kibarua vinapishana kwa herufi chache, nami naomba watafsiri wasivichanganye.

Nimeacha mwisho jambo linalonipendeza kuliko yote, nalo ni stakabadhi. Kichapakazi kinaweza kuzimika katikati ya kazi. Umeme umekatika, mtandao umeanguka. Je, kibarua kile kimetendwa au hakikutendwa? Yote hutegemea ni lini stakabadhi ilitiwa saini. Celery, usipoiagiza vingine, hutia saini kabla tu ya kuanza kazi. Ikizimika hapo, kibarua kimepotea na hakuna atakayekirudia. Unaweza kuiamuru itie saini baada ya kumaliza. Hapo kibarua hakipotei, bali chaweza kurudi foleni na kutendwa mara ya pili, kwa kuwa kichapakazi kinaweza kumaliza kazi kikazimika kabla ya kuandika stakabadhi. Chagua unalolihofu: kukosa, au kurudia. Mhandisi wangu anasema wengi huchagua kurudia, kisha hujitahidi kuandika amri ambazo kurudiwa hakuzidhuru.

Na amri hizo, ndugu zangu, zinataka mtu anayejua lugha. “Ongeza shilingi 500” ni amri ya tendo. Isomwe mara mbili, ni 1,000. “Salio liwe shilingi 5,500” ni amri ya hali. Isomwe mara kumi, salio ni lile lile. “Geuza swichi” ikirudiwa, taa imezimika. “Taa iwe inawaka” ikirudiwa, taa inawaka. Tofauti yote iko katika kile kiishio -e cha dhamira tegemezi ambacho tulikifundisha kwa mifano mikavu ya ubaoni. Kweli, katika mambo ya fedha hiyo haitoshi, maana kati ya usomaji wa kwanza na wa pili mtu mwingine huenda ametoa au ameweka. Hapo kila kibarua hupewa namba yake, na kichapakazi hufungua daftari kwanza kitazame kama namba hiyo imekwisha kutendwa. Lakini kuna amri chungu nzima ambazo -e peke yake huziponya. Watunzi mnalijua hili kwa njia nyingine: kibwagizo hurudi kila ubeti na shairi halichafuki, ilhali ubeti wa masimulizi ukirudiwa msikilizaji hudhani mwimbaji amepotea njia.

Orodha ya mhandisi wangu imebaki na neno moja ambalo hatujakubaliana. Kibarua kilichojaribiwa mara kadhaa na kushindikana hakirudishwi foleni milele; hupelekwa kwenye foleni ya pembeni, kikae humo hadi mtu aje akitazame. Kiingereza huviita barua zilizokufa, kwa kufuata desturi ya posta zao za kale. Yeye anapendekeza “vibarua mfu”. Mimi sipendi, kwa kuwa havijafa: maneno yake yote yamo, anayekosekana ni wa kuvitenda. Nimempa “vibarua yatima”, naye anasema neno yatima limeshachukuliwa na kitu kingine katika fani yao. Tumefikiria pia “vibarua vilivyokwama” na “foleni ya wasubirio”, ingawa hilo la pili linavipandisha ngeli, nami nimeshasema sitaki. Mwongozo wake haujaingia mtamboni bado. Mwenye neno bora na aliseme mapema.